Maporomoko ya Kando ya Barabara: Uliza Kwanza Kilichoko Juu

Barabara ya kutoka Mombo kwenda Lushoto ni kona tupu. Upande mmoja mlima, upande mwingine bonde, na kabla gari halijamaliza kupanda, pale Soni, maji yanaonekana yakiporomoka mwambani, karibu kiasi kwamba abiria wa dirishani anaweza kuyapiga picha bila kushuka. Tanzania ina maporomoko yenye majina makubwa kuliko hayo. Sanje, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa, yanashuka mita zipatazo 170 kwa hatua tatu, na ili kuyafikia unalipa kiingilio, unapewa mwongozaji, kisha unapanda mlima kwa miguu. Anayekwenda Sanje amejiandaa tangu nyumbani. Maporomoko madogo ya kando ya barabara hayamdai mtu chochote: anasimamisha gari, anateremka na ndala zake, anapiga picha mbili tatu, anarudi injini ikiwa bado ya moto. Ninayoyazungumzia hapa ni hayo madogo, yawe ya Usambara, ya Marangu au ya kwingineko kwenye misitu ya milimani. Kwa kuwa yako karibu, watu huyatazama kuanzia pale maji yanapoangukia kwenda chini, ilhali karibu kila kinachomhusu mgeni, yaani hatari, usafi, uzuri na hata uhai wa maporomoko yenyewe, kinaamuliwa huko juu asikokuona. Kwa hiyo anayetaka kuyatembelea vizuri aanze kwa kuuliza kilichoko juu.

Tuanze na usalama, maana mengine yote yanaweza kusubiri. Watu wengi huamua kushuka mtoni kwa kutazama anga iliyo juu ya vichwa vyao: jua linawaka, basi hakuna tatizo. Lakini maji yanayopita mbele yako hayakunyesha hapo ulipo. Mvua kubwa ikipiga miteremko ya juu, vijito vyote vya bonde vinamimina mahali pamoja, na bonde likiwa dogo na lenye mwinuko mkali, maji hufika upesi mno, pengine huku chini bado mnaota jua. Mwezi Septemba 2019, katika korongo la Hell's Gate karibu na Naivasha, Kenya, maji ya ghafla yaliwachukua watalii pamoja na mwenyeji aliyekuwa akiwaongoza. Hell's Gate haina uhusiano na maporomoko ya Usambara, ila kanuni ya maji ni ileile, na kufa kwa mwongozaji kunatukumbusha kwamba kuwa na mwenyeji ni jambo jema lakini si hirizi. Kwa hiyo swali la kwanza kabla ya kushuka ni: jana usiku na leo asubuhi kumenyesha huko juu? Anayejua ni mtu aliyetoka huko. Waulize bodaboda walioshusha abiria, akina mama walioleta mboga sokoni, au dereva wa Fuso aliyeteremka na kabichi. Ukiambiwa mlima umefunga wingu zito, tazama ukiwa barabarani na uendelee na safari yako.

Ukishashuka, chagua jiwe moja ukingoni ambalo maji yanaligusa kidogo tu, na ulikariri: ufa wake uko wapi, mstari wa unyevu umeishia wapi. Kila baada ya muda mfupi litupie jicho. Mto unaojaa huwa unatoa dalili. Jiwe lako linaanza kumezwa. Maji yaliyokuwa meupe yanageuka rangi ya chai ya maziwa. Majani makavu na vijiti vinaanza kupita kwa wingi. Mngurumo unakuwa mzito zaidi. Harufu ya udongo mbichi inapanda. Hata dalili moja kati ya hizo inatosha. Usingoje ya pili, usirudi kuchukua ndala, na usivuke kwenda ng'ambo. Panda juu upande uleule ulipo. Ndiyo maana, hata kabla ya kukaa, ni vyema uchague upande wenye njia ya kurudi barabarani. Picha kutoka upande wa pili huwa nzuri zaidi, nakubali, lakini maji yakijaa utakuwa umejifungia huko. Wataalamu wa uokoaji husema maji yaendayo kasi yenye kina cha sentimita 15 tu yanaweza kumwangusha mtu mzima. Anayeona hilo ni chumvi akumbuke kwamba mita moja ya ujazo ya maji ina uzito wa tani moja, na kwamba mtoni inayokusukuma si moja. Zinafuatana bila kupumzika.

Hapa ndipo mtu anapotoa pingamizi ambalo kila mwenyeji wa maeneo haya ameshalisikia: mbona watoto wa kijijini wanaogelea hapo kila siku, wanaruka kutoka juu ya mawe, na hakuna kinachowapata? Kwanza, si kweli kwamba hakuna kinachowapata; misiba ya vijijini haifiki magazetini. Pili, mtoto yule haogelei mahali ulipo wewe. Anajua jiwe lipi lina utelezi mwaka mzima na lipi hukauka kiangazi, anajua shimo liko wapi na tawi lililozama liko wapi, na anajua mlima ukiwa mweusi mama yake humwita nyumbani. Amesoma huko juu maisha yake yote. Wewe umefika dakika kumi zilizopita. Ukimwona anaoga, hilo ni ushahidi kuhusu yeye, halijakwambia lolote kuhusu wewe. Mwulize, tena kwa heshima kama unavyomwuliza fundi, na usimlipe ili aruke upate video.

Pale chini kabisa maji yanapoangukia pana mambo mawili ambayo macho hayayaoni. La kwanza ni kwamba kinachoanguka si maji peke yake. Jiwe likidondoka kutoka mita 10 hufika chini kwa mwendo wa takribani kilomita 50 kwa saa, na kutoka mita 20, takribani 70. Mto unabeba mawe na magogo, hasa siku moja mbili baada ya mvua, na huchagua wenyewe saa ya kuyaachia. Kusimama chini ya maji ili yakupige mgongoni ni raha ambayo gharama yake haijulikani mpaka idaiwe. La pili ni povu. Maji meupe ni meupe kwa sababu yamejaa hewa, na maji yaliyojaa hewa hayambebi mtu vizuri. Hata mwogeleaji hodari wa Tanga au Mombasa, aliyezoea chumvi kumwinua, hushangaa anavyozama. Juu ya hayo, maji yanayoporomoka huzunguka chini kwa chini na kumrudisha mtu palepale mwambani anapojaribu kutoka. Kama ni lazima kuingia majini, ingia mbali, mahali ambapo povu limeshakwisha na unaona changarawe, na uingie kwa miguu, usipige mbizi. Viatu viwe vya kufunga vyenye soli ya kushika. Ute wa kijani unaofunika mawe ya rashasha hauna huruma na ndala, na hata raba zilizokwisha soli ni ndala tu.

Basi twende lini? Wengi watasema wakati wa masika, kati ya Machi na Mei, kwa kuwa maji ndiyo mengi. Mimi nasema Juni. Masika yakishaisha, mlima bado unaachia maji uliyoyameza, matope yameshatulia, njia zinaanza kukauka, na hatari ya mafuriko imepungua. Aprili maporomoko yana kishindo, lakini maji yana rangi ya udongo, ukungu unafunika, na ndio wakati wa hatari tuliyoisema. Kwa saa, nenda asubuhi. Mvua za milimani mara nyingi huja mchana ukishapinda, na anayeanza kushuka saa nane anakwenda kukutana nazo. Asubuhi ina faida nyingine: upinde wa mvua kwenye rashasha huonekana jua likiwa mgongoni kwako na likiwa halijapanda sana, kwa hiyo maporomoko yanayotazama mashariki hutoa upinde saa mbili tatu asubuhi, yanayotazama magharibi huutoa jioni, na saa sita mchana utarudi na picha nyeupe tupu.

Lakini kama unataka kuyajua maporomoko, na si kuyaona tu, rudi Septemba, wakati mvua imekuwa haba kwa miezi. Hapo utajua hali ya huko juu bila kuambiwa na mtu. Maporomoko yanayonguruma Aprili na kubaki uzi Septemba yana bonde lililovuliwa nguo: mvua ikinyesha inateremka yote siku hiyohiyo, na udongo unaifuata. Yanayoendelea kutiririka kiangazi, kwa kiasi kidogo lakini maangavu, yana msitu nyuma yake. Takataka za majani na mizizi hulegeza ardhi, maji yanazama polepole na kutoka polepole kwenye chemchemi, na katika misitu ya ukungu kama Magamba, juu ya Lushoto, matawi yenyewe hunasa matone ya ukungu na kuyadondosha chini. Hapa tusitie chumvi. Miti nayo hunywa maji, na si kila mti ni rafiki wa mto. Mikaratusi iliyopandwa kando ya kijito hunywa kwa pupa, na wapo wakulima wanaolijua hilo kuliko wanaotoa hotuba za kupanda miti. Ninachodai ni kidogo tu: msitu wa asili hauongezi mvua ya masika, unaigawa ili itoshe mpaka kiangazi.

Kama mwenyeji yupo tayari, mwombe akupandishe kwanza juu ya maporomoko kwa nusu saa, kabla ya kushuka. Tazama mashamba yamefika wapi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, na mtu yeyote anaweza kukadiria mita 60 kwa macho. Kwenye miteremko ya Usambara Magharibi utaona kabichi, viazi na nyanya zikiwa zimekaribia maji kabisa, na usikimbilie kumlaumu mkulima mwenye robo eka ambaye shamba lake tambarare ni hilohilo la bondeni. Unachohitaji wewe ni kujua kwamba mbolea na dawa za nyanya ziko hatua chache kutoka kwenye maji unayotaka kumnawisha mwanao. Usambara Mashariki kuna mfano mkali zaidi. Mto Zigi unatoka kwenye misitu ya Amani, inakonyesha karibu milimita 2,000 kwa mwaka, unapita penye maporomoko ambayo wageni huyafuata, na hatimaye unaingia bwawa la Mabayani linalowapa maji wakazi wa jiji la Tanga. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 wachimbaji wadogo walivamia eneo la Sakale huko juu kutafuta dhahabu. Anayesimama kando ya mto kama huo akitazama maji yakianguka hawezi kuona shimo la wachimbaji lililoko kilomita kadhaa juu yake. Anachoweza kuona ni rangi ya maji siku ambayo haikunyesha, na rangi ya udongo siku kavu ni habari kamili.

Kutokana na hayo, mengi ya usafi yanajijibu. Usinywe kwa sababu maji ni baridi na yanang'aa. Ubaridi ni wa mlima, usafi ni wa watu wanaoishi mlimani. Kichocho hakitokani na maji yaendayo kasi, kwa kuwa konokono wanaokibeba hupenda maji yaliyotulia yenye majani, kwa hiyo dimbwi la pembeni linaloonekana salama kwa watoto ndilo la kushuku. Na wewe nawe uko juu ya mtu mwingine. Sabuni unayofulia, oili inayodondoka kwenye gari unaloliosha kivukoni na pampasi iliyotupwa nyuma ya jiwe vyote vina mtu anayevisubiri chini na ndoo yake.

Kuna sehemu ya maporomoko ambayo wageni huikanyaga bila kujua kuwa ni makazi ya viumbe: ule ukanda wa mawe na majani unaoloweshwa na rashasha mchana na usiku. Jinsi ukanda huo unavyotegemea maji ya juu ilionekana wazi Kihansi, kwenye milima ya Udzungwa. Mwaka 1996 watafiti waligundua hapo chura mdogo, hafiki sentimita 3, asiyetaga mayai majini kama vyura wengine bali huzaa watoto waliokamilika. Makazi yake duniani kote yalikuwa rashasha ya korongo hilo, eneo la hekta chache tu. Mwaka 2000 bwawa la umeme likachepusha takribani asilimia 90 ya maji ya mto. Vinyunyizio vya kuiga rashasha vilifungwa, lakini mwaka 2003 vyura waliporomoka kwa idadi, ugonjwa wa kuvu wa ngozi za vyura ukitajwa kati ya sababu, na mwaka 2009 walitangazwa kuwa wametoweka porini. Waliosalia ni wale waliokuwa wamepelekwa kufugwa Marekani, katika bustani za wanyama za Bronx na Toledo, na kizazi chao kilianza kurudishwa Kihansi mwaka 2012. Mgeni hachepushi mto, ndiyo, lakini kuvu wa aina ile husafiri kwenye matope ya viatu. Anayetembelea maporomoko mawili kwa siku moja asugue soli na kuzikausha kabla ya kuhamia la pili. Ni kazi ya dakika tano kwa brashi. Asichimbe wala kung'oa pia. Ua dogo la zambarau linalouzwa kwenye vyungu Ulaya na Marekani, ambalo Wajerumani mpaka leo huliita kwa jina la Usambara, lilichukuliwa milimani humo mwaka 1892 na mtawala wa Kijerumani wa Tanga, von Saint Paul-Illaire. Ndugu zake wa porini bado wanaishi kwenye miamba yenye kivuli na unyevu, na wengine wamebaki kwenye vipande vidogo mno vya msitu. Kulikuta ni bahati. Kulipeleka Dar es Salaam kwenye mfuko wa plastiki ni kuliua, maana joto la Dar halitalivumilia.

Pingamizi la mwisho ni la pesa, na lina uzito kuliko wasemaji wake wanavyodhani. Watu huuliza: maji ni ya Mungu, nilipie nini kuyatazama? Tena aliyeniomba elfu mbili ni kijana aliyekaa kwenye jiwe, nani alimpa kazi? Tofautisha mambo. Palipo na hifadhi, kama Amani iliyo chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, kuna lango, kuna ada na kuna stakabadhi, lipa huko. Palipo na kijiji, uliza ofisi ya kijiji au kikundi kinachotunza njia, na uombe risiti bila kuona haya. Wanaofanya kazi halali hawakasiriki. Kijana wa kwenye jiwe mlipe kama anakuongoza kweli, mkubaliane bei kabla ya kushuka. Ni kweli kwamba fedha nyingi zinazolipwa chini hazimfikii mkulima wa juu, ambaye ndiye anayeamua kama maji yatakuwepo. Hilo ni kosa la mpangilio, na dawa yake si kukataa kulipa. Tanga wamejaribu njia nyingine: mamlaka ya maji ya jiji imeshirikiana na wakulima wa milimani kupitia umoja wao, UWAMAKIZI, ili wanaotunza kingo za Zigi wapate kitu. Mgeni anaweza kufuata mantiki hiyohiyo kwa kipimo chake. Nunua iliki, asali, mafyulisi au karoti kwa mtu wa juu, na ukiwa unalipa kiingilio uliza kikundi kimepanda nini ukingoni mwaka huu. Swali hilo likiulizwa na wageni ishirini kwa mwezi, jibu lake litatafutwa.

Yupo pia asiye na muda, na huyo nampa ushauri mfupi. Kama basi linasubiri au una dakika ishirini, usishuke. Tazama ukiwa barabarani, inatosha; kukimbilia picha huleta ajali. Usisimamishe gari kwenye kona ya barabara ya milimani hata kama wenzako wote wanapiga kelele kwamba hapo ndipo panapoonekana vizuri. Lori la mboga linaloshuka halina nafasi ya kukukwepa, na breki zake zimeshachemka. Kaegeshe mjini au penye uwanja, mrudi kwa miguu mkifuatana mstari mmoja upande mnaoyaona magari yakija, watoto wakishikwa mkono wa ndani. Mwenye saa mbili na zaidi afuate mpangilio tuliouanza: habari za mvua, nusu saa ya kupanda, ndipo kushuka. Akiwa huko juu akae mbali na mdomo wa maporomoko, angalau urefu wa miili mitatu ya mtu, asiingie majini hata yakiwa ya kifundo cha mguu, na asikubali mtu yeyote ampige picha akirudi kinyumenyume.